Miaka Niliyokuwa Mzee Kobe

Ninyi vijana wa chumba cha habari mmeniomba niandike jinsi nilivyofanikiwa. Samahani. Sikufanikiwa, nilibaki. Wengine walipandishwa vyeo, wengine walikamatwa, wengine waliona mwanga wakaenda kuuza bima, na mimi nikabaki mbele ya mashine ya taipu mpaka mkaja kunikuta pale na kudhani kwamba kukaa sana ni hekima. Juzi mliniaga kwa soda na hotuba. Hotuba moja iliniita mama wa hadithi za magazeti. Kwa kuwa mama huombwa kila kitu isipokuwa maelezo ya kazi yake, nitawaeleza kazi.

Niliingia Nairobi miaka ya hamsini nikitokea Machakos, na cheti cha taipu cha wamisionari na sketi moja ya kuonekana nayo mbele za watu. Nilikaa kwa mama mdogo, ambaye alikuwa yaya katika nyumba moja ya Wazungu kule Spring Valley. Tulilala kwenye chumba cha watumishi nyuma ya bustani. Bustani ilikuwa na nafasi kubwa zaidi yetu, na ilipewa maji mara nyingi zaidi.

Gazeti lilikuwa juu ya duka la vitambaa, kando ya River Road. Lilitoka kila Ijumaa, kwa Kiswahili, na mwenyewe alikuwa Mgoa anayeitwa Bwana Lobo. Siku yangu ya kwanza aliniuliza maswali ya kazi.

"Wewe jua taipu?"

"Ndiyo, bwana."

"Jua Kiswahili?"

"Ndiyo, bwana."

"Mzuri. Mimi hapana jua sana. Kaa pale."

Basi nikaajiriwa na mwenye gazeti la Kiswahili asiyelisoma. Msicheke. Baadaye nimefanya kazi chini ya wakubwa wanaokijua Kiswahili vizuri kabisa na wasiolisoma gazeti vilevile.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Gathogo. Alikuwa mtu wa Dagoretti, mwembamba, koti lake limewekwa viraka viwikoni, na aliandika karibu kila kitu: habari za mpira, za mahakama, za vifo, na kwenye ukurasa wa nne hadithi ya mfululizo kwa jina la Mzee Kobe. Hakuna msomaji aliyejua Mzee Kobe ni nani. Wengi walidhani ni mzee kweli, wa Mombasa, mwenye ndevu. Gathogo alikuwa hajafika Mombasa, na ndevu hazikumkubali.

"Msomaji wako amesimama," aliniambia. "Ametoka kazini, amechoka, gazeti si lake, na kuna watu watatu nyuma ya bega lake. Ukimpa sentensi ndefu atakaa chini. Akikaa, atalala. Akilala, wenzake watachukua gazeti."

Hilo ndilo somo lote la uandishi nililopata. Naona siku hizi mnaenda chuo miaka mitatu kulipata.

Somo la pili lilitoka kwa Wafula, mpanga herufi wetu, mtu wa Bungoma. Herufi za madini ya risasi tulizochapia zilinunuliwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo haitumii K kwa fujo. Sisi tulikuwa na kukaa, kukumbuka, kikombe na kikapu. Kila Alhamisi Wafula alikuwa akitokeza kichwa mlangoni na kusema kwa upole, kama mtu anayetangaza msiba, "K zimeisha." Hapo kikombe kiligeuka bilauri, kanisa likawa nyumba ya ibada, na mtu aliyekufa akawa marehemu. Ndiyo maana katika hadithi za Mzee Kobe shujaa aliitwa Musa na mpenzi wake Selina. Hakukuwa na Kamau. Jina la Mzee Kobe lenyewe lilikuwa limechongwa kwenye kibao cha mti, kwa hiyo lilijitegemea.

Mimi nilipewa safu ya vitabu, kwa sababu Gathogo hakuitaka. Kila wiki nilipaswa kuwapendekezea wasomaji kitabu kizuri cha Kiswahili. Wazo lilikuwa zuri sana, ila vitabu vyenyewe havikuwepo. Kulikuwa na vya nyimbo za kanisa, cha ufugaji wa kuku, na kimoja cha jinsi ya kuchimba choo. Nikapendekeza cha choo. Niliandika kwamba kina mwanzo, kati na mwisho, na kwamba mwandishi wake anajua anakokwenda, jambo ambalo halionekani katika hadithi nyingi. Gathogo alisoma, akaniangalia. "Hapo mwisho umenisema mimi?" Nikamwambia asisome vitu akitafuta jina lake. Baada ya muda msomaji mmoja wa Kangemi akaandika kushukuru: amechimba, na kimesimama. Hakuna hadithi yangu iliyopata sifa kama ile.

Wakati huo Mzee Kobe alikuwa akiandika kisa cha Selina, mjane mwenye duka la chai, na Musa, karani wa reli anayempenda. Selina ametoweka. Musa amemtafuta mji mzima, mwishowe amefika kwenye nyumba fulani ya mabati. Ananyanyua mkono abishe hodi, na kabla hajabisha sauti inasema kutoka ndani: "Ingia, Musa. Nimekungoja miaka yote hii." Basi. Ijumaa ijayo.

"Ni sauti ya nani?" nilimuuliza.

"Ngoja Ijumaa kama watu wengine."

Kwa Gathogo Ijumaa hiyo haikufika. Mnajua hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilivyokuwa, au mnapaswa kujua. Asubuhi moja askari waliuzingira mji, wakakusanya watu barabarani kama wanavyokusanya mbuzi, wakawatenga kwa makabila. Wakikuyu walipandishwa malori, wakapelekwa kambi za kizuizini. Gathogo alikuwa akija kazini. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo. Nikaulizwa kabila, nikasema Mkamba, nikapita. Kuna watu ambao maishani wameokolewa na akili zao. Mimi niliokolewa na Machakos. Nilimwona akikaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani, na hakugeuka kunitazama, na nilijua kwa nini hakugeuka.

Bwana Lobo alifunga mlango wa ofisi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Wao hapana jua yeye ni Kobe," alisema. "Wao shika yeye kwa sababu ni Kikuyu tu. Sasa sikia. Kama Ijumaa hadithi hapana toka, hata punda jua nani alikuwa naandika. Halafu wao chukua magazeti ya zamani yote, soma moja moja, tafuta siasa."

"Hakuna siasa mle, bwana."

"Wao tafuta, wao pata."

Alikuwa mwoga, Bwana Lobo, na siku ile woga wake ulikuwa na akili kuliko ushujaa wa watu wengi niliowajua. Wafula alisimama mlangoni na aproni yake ya wino. Wote wawili wakanitazama.

Ndivyo nilivyopata kazi ya uandishi wa hadithi. Niwakumbushe kwamba sikujua aliyekuwa nyuma ya mlango.

Wiki ya kwanza nilimwachia Musa asimame nje na kuwaza. Wiki ya pili kamba ya kiatu chake ilifunguka. Wiki ya tatu aliona kiu. Niliweka na kijisanduku chini ya hadithi, "Taarifa kwa Wasomaji," nikiandika: "Musa ni mzima. Mlango pia ni mzima. Mzee Kobe anawasalimu na kuwaomba subira." Kwa muda ule nilikuwa ninakaa kitandani kule Spring Valley, karatasi magotini, mama mdogo akiomba kwa sauti Mungu aniongoze, na Mungu naye, kama Gathogo, hakutaka kusema sauti ilikuwa ya nani.

Jumamosi moja nilikwenda Dagoretti kumtafuta mke wa Gathogo. Aliitwa Wairimu, na alikuwa akiuza matumbo karibu na kichinjio. Nilijifanya mnunuzi, kwa maana siku zile hata kusalimiana kulikuwa na askari wake. Nikainama juu ya matumbo, nikamwambia mimi ni nani na kwamba sina habari yoyote ya kumpa.

Aliendelea kukata. "Wewe ndio unaandika hiyo maneno ya Kobe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Kuna mtoto wa jirani ananisomea. Nilijua si yeye. Bwana yangu hawezi acha mtu asimame kwa mlango wiki tatu. Hana hiyo subira."

"Niache?"

"Usiache." Alifunga matumbo kwa jani la mgomba, akaniwekea mkononi. "Ukiacha watauliza. Lakini fungua hiyo mlango, dada. Watu wanachoka."

Nilikwenda nyumbani na matumbo ambayo sikuyahitaji, na siku ile ile mlango ukafunguka. Nyuma yake kulikuwa na mama mzazi wa Selina, aliyekuwa akimngoja Musa miaka yote ile ili wazungumze mahari kama watu wenye heshima. Selina mwenyewe alikuwa jikoni. Mji ulicheka. Wafula aliniambia kwamba alipanga ukurasa ule mara mbili kwa sababu mara ya kwanza aliangusha trei akicheka. Nilijiona mwandishi. Ugonjwa huo huanza hivyohivyo, mnaujua.

Aliyeharibu furaha hiyo alikuwa Mkaguzi. Kila gazeti la Kiafrika lilipelekwa kwake kwanza, kwenye ofisi moja ya serikali katikati ya mji, naye alilipitia na penseli nyekundu. Alikuwa kijana wa Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama shuka la hospitali, chenye joto lilelile. Aliniita kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka kurasa.

"Kwa nini mlango ule ulifungwa kwa majuma mengi?" aliuliza.

"Mwandishi alikuwa akitafuta cha kuandika, bwana."

"Je, mlango huo ulimaanisha kitu kingine? Nchi, kwa mfano?"

"Ulikuwa wa mbao, bwana."

Hakutabasamu. Alifungua faili na ndani yake nikaona vipande vya hadithi, vya zamani, vya Gathogo, vimepigiwa mistari myekundu. Musa aliposema mvua itanyesha tu, mstari. Selina alipomfukuza mwenye nyumba mlafi, mistari miwili.

"Ningependa kumwona Mzee Kobe," alisema. "Kesho, tafadhali."

Nawaambieni vijana, nimewahi kusoma kwamba mtu akiwa katika hatari mawazo humjia kwa kasi. Mimi yalinitoroka yote kasoro moja, na hilo nililisema kabla sijalipima.

"Mzee Kobe ni mimi."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Wewe ni karani wa taipu."

"Ndiyo, bwana. Wanaoishi kwa kuandika hadithi tu hulala njaa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hapo nilikuwa nimeyachukua yote: mvua, mwenye nyumba mlafi, na kila mstari mwekundu uliokuwa mle. Kama palikuwa na lori lililobaki, lilikuwa langu.

Alinionyesha mashine yake ya taipu. "Basi andika. Sehemu ya wiki ijayo. Hapa."

Nikakaa. Mashine yake ilikuwa mpya, na K yake ilikuwa nzima. Ninyi hamwezi kuelewa. Mwanzo vidole vilikataa, kisha nikaigusa ile K, ikaruka kama panzi, na njaa ya miaka ikanishika. Mama mkwe wa Musa akakaa kwenye kiti kikuukuu, akakumbuka kikapu, akakohoa, akakataa kabisa kikombe cha kwanza kwa kuwa kilikuwa na ufa, akasema katika ukoo wao hakuna karani aliyewahi kuoa kwa kalamu. Niliandika mpaka karatasi ikaisha.

Mkaguzi alisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alirudi nyuma kidogo, akasoma tena. Penseli alikuwa ameishika lakini haikufanya kitu.

"Huyu mama," alisema, "atakubali?"

"Sijui bado, bwana."

"Hujui?"

"Nikijua mapema, msomaji naye atajua."

Alifunga faili. Aliniambia nipunguze mvua. Tangu siku hiyo aliniita Bi Kobe, akidhani ni heshima, na mara nyingi nilipopeleka kurasa aliuliza habari za mama mkwe kabla ya kuniuliza hali. Nasikia alirudi kwao na cheo kikubwa zaidi, kama ilivyo desturi ya watu waliofanya kazi ya kufuta. Faili sijui lilikwenda wapi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za jengo lile mpaka askari akaniambia si mahali pa kukaa.

Gathogo alirudi baada ya miaka mitatu hivi. Niliinua kichwa nikaona koti lilelile, ila aliyekuwa ndani yake alikuwa nusu. Aliomba magazeti yote ya zamani, akakaa kwenye benchi la Wafula, akaanza kusoma kuanzia Ijumaa ile aliyoikosa. Alisoma asubuhi nzima. Bwana Lobo alimletea chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baada.

Mchana akaja mezani kwangu. "Umeiharibu," alisema.

"Karibu nyumbani, Gathogo."

"Nyuma ya mlango alikuwa baba yake Musa. Yule aliyesemekana amekufa vitani Burma. Wewe umeweka mama mkwe."

Ilikuwa bora kuliko yangu. "Ungeniambia siku ile nilipokuuliza," nikamjibu. "Na hiyo hadithi niliyoiharibu ndiyo iliyokuzuilia kamba shingoni."

"Hilo najua. Wairimu amenieleza yote. Kwa hilo nitakushukuru mpaka nife." Akavuta kiti. "Lakini hadithi umeiharibu. Hayo ni mambo mawili."

Na nawaambia, katika maisha yangu yote ya kazi hakuna aliyeniheshimu kama alivyoniheshimu Gathogo kwa maneno yale.

Halafu, taratibu, akanieleza. Gazeti lilikuwa likiwafikia kule kambini likiwa limechakaa, askari wakishamaliza nalo. Mtu mmoja aliwasomea wenzake. "Siku mlango ulipofunguka nikasema hapana, Musa hawezi kukubali hivyo, huyu si Musa. Wakaniambia ninyamaze. Wakasema, wewe unajua nini kuhusu hadithi?" Alitazama mikono yake. "Nikanyamaza. Na wiki iliyofuata, ngoja nikuambie ukweli, nilitaka kujua yule mama atasema nini. Kuna siku hilo tu ndilo nililokuwa nangojea."

Bwana Lobo akataka kumrudishia jina la Mzee Kobe palepale. Gathogo akakataa. Alisema huyo mzee sasa ana mama mkwe, yeye hamtaki nyumbani kwake. Alitaka kuandika hadithi mpya, kwa jina lake mwenyewe, Gathogo, lionekane. Akapewa ukurasa wa sita. Mimi kwenye safu yangu ya vitabu niliwaambia wasomaji: wiki hii wekeni kando habari za kuku, someni ukurasa wa sita, ni kazi bora kuliko yote niliyowahi kuwapendekezea. Na sikuwa nikimfanyia hisani.

Wasomaji walisoma. Kisha wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mpishi wa nyumba moja ya Spring Valley, Mluhya mwenye heshima zake, amevaa kanzu nyeupe ya kazi na kushika gazeti lililokunjwa ukurasa wa sita. Aliuliza mwandishi huyu mpya yuko wapi. Gathogo akasimama, akajifunga kifungo cha koti.

"Ni mimi, mzee."

"Ndugu yangu, sikuja kwa ubaya," mpishi alisema. "Hadithi yako si mbaya. Lakini unamuiga Mzee Kobe sana. Sentensi ni zake. Hata ile kumwacha mtu njia panda, ni yake. Sisi tumemsoma miaka mingi, tunamjua. Tafuta sauti yako."

Wafula alijificha nyuma ya trei zake. Mimi nilitafuta kitu kwenye droo.

"Nitajaribu," alisema Gathogo.

"Na kama unamfahamu huyo mzee, muombe akufundishe. Mambo haya yana wenyewe."

"Nitamuomba. Ila ni mkali."

"Lazima awe mkali," mpishi alisema, akampa mkono, akaenda zake akiwa ameridhika kama mtu aliyemwokoa kijana wa watu.

Gathogo aliendelea kusimama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa akicheka. Tangu arudi sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka Bwana Lobo akatoka ofisini kuuliza nani mgonjwa, na Wafula naye akaanza, na mimi nikaona heri nikae chini.

Alipotulia alichukua kurasa zake za wiki ile, akasoma ya kwanza, akakata ile aya ya kufungulia kwa mstari mmoja.

"Yule mtu amesema kweli," alisema. "Hii ni ya Kobe. Ichukue."

Nikaichukua, nikaiweka mwanzo wa hadithi yangu bila kugusa neno. Ijumaa ile ofisi ilijaa watu waliokuja kusema kwamba Mzee Kobe hajawahi kuandika vizuri hivyo.